Farasi wa Babu Yake Padri

Mama yangu hakuogopa kisu. Nalitanguliza hilo kwa sababu majirani zetu wa Sidab walimsema mwoga, na mwoga hakuwa. Alichokiogopa ni maji. Alikuwa na yakini kwamba wamishenari wakishamlaza mgonjwa kwa dawa ya usingizi, kabla daktari hajashika kisu, padri huingia kwa mlango wa nyuma na kikombe, akammwagia mgonjwa maji ya utosi, akasoma maneno mawili matatu, akatoka. Mgonjwa akiamka amekwisha kuwa Mkristo, na mwenyewe hana khabari.

"Sasa mtu atajuaje?" nilimuuliza.

"Ndo ubaya wake," akasema. "Hujui. Unarudi zako nyumbani unasali, unafunga, kumbe hakuna kinachopanda."

Nilipomuuliza nani kamwambia, akasema mambo mengine mtu haambiwi, anayajua.

Tuliingia Maskati mwaka wa sitini na nne, pamoja na wengine waliotoka Unguja baada ya mapinduzi. Mzigo wetu ulikuwa masanduku mawili na mrashi wa fedha wa mama, ule wa shingo ndefu wa kunyunyizia marashi kwenye maulidi na harusi. Masanduku niliyabeba mimi. Mrashi hakumpa mtu, hata ngazi ya meli aliishuka akiwa ameukumbatia. Baba alikwishafariki zamani na mume wangu alikuwa Kuwait akifanya kazi, kwa hivyo tulikaa wawili tu, chumba kimoja, Sidab, kijiji cha wavuvi nje ya mji, na dagaa wa majirani wakianikwa mpaka mlangoni kwetu.

Mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alipopanda meli alikuwa bado anajua sura za watu. Mwaka uliofuata alikuwa anajua kivuli. Asubuhi moja nilimkuta uani akimwamkia mbuzi wa jirani, akimuuliza khabari za watoto, na alikuwa amekwisha mkasirikia kwa kutojibu. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha jioni akanivuta karibu, akanipapasa mashavu, akasema nimekonda. Sikuwa nimekonda. Alikuwa amesahau nilivyo, na niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ile tuliyotoka Unguja.

Daktari wa hospitali ndogo ya wamishenari wa Kimarekani pale mjini alimmulika kwa taa, akasema macho yameiva, atapasua moja kisha la pili. Lakini kabla miezi ya baridi haijakwisha atakwenda likizo kwao, na likizo yao ilikuwa ya mwaka mzima. Wakati ule hakukuwa na mwingine wa macho. Atakayechelewa angoje, na jicho likingojewa sana huharibika likawa halifai tena. Nikahesabu: tulikuwa na miezi mitatu ya kumtoa mama maji kichwani.

Utaratibu wa pale ulikuwa hivi. Mlango ulifunguliwa jua likichomoza, daktari akaanza kazi saa mbili, na ule muda wa katikati ulikuwa wa padri. Hakuna aliyelazimishwa kumsikiliza. Ila mabenchi na kivuli vilikuwa ukumbini, na padri naye alikuwa ukumbini, na nje kulikuwa na jua la Maskati.

Mama alikataa kukatwa, ila kuja kutiwa dawa ya macho alikubali, na siku ya kwanza alikata shauri. Alitia pamba masikioni, zote mbili, akakaa benchi la mbele kwa sababu ndilo alilolifikia mwanzo, akaelekeza uso wake kwa padri kwa utulivu mkubwa. Padri akadhani kapata msikilizaji.

Alikuwa amekaa Arabuni miaka mingi. Kiarabu chake kilikuwa cha vitabuni, kila irabu mahali pake, hata akiomba chumvi utasema anasoma khutba. Wanawake wa Kibulushi na wa milimani walimwangalia kwa heshima bila ya kufuata jambo. Sisi wa Unguja tulikuwa wachache, na wengi wetu hali ilikuwa kama ya mama: Mwarabu kwa baba na babu, lakini Kiarabu chake kilikuwa cha kusali na cha kugombana na wachuuzi tu. Mimi nilikisoma vizuri, na Kiingereza kidogo cha skuli nilikuwa nacho. Juma la pili mke wa padri, ambaye ndiye aliyekuwa muuguzi mkuu, akaniomba niwe nasimama kando na kuwafasiria wenzangu kwa Kiswahili. Nilikubali haraka. Nilitaka hospitali nzima itujue na itupende, nafasi ya kitanda isije ikatupita.

Padri hakuwa mtu wa kutisha watu kwa moto. Alichokipenda ni kusimulia wahubiri wa zamani wa kwao, na hasa baba wa babu yake, ambaye sisi tulimwita babu tu kufupisha. Huyo babu, alisema, hakuwa na kanisa wala nyumba. Alikuwa na farasi na mifuko miwili ya ngozi ya vitabu. Alizunguka misituni wakati Amerika ilipokuwa miti na matope, akilala kwenye vibanda vya magogo kwa watu asiowajua, akihubiri juu ya gogo lililokatwa. Watu walitoka mbali na magari ya ng'ombe, wakapiga mahema, wakakaa siku tatu nne wakiimba na kulia, wengine wakitetemeka, wengine wakianguka chini. Mbele paliwekwa benchi maalumu la wenye kulia. Na ujumbe wa babu ulikuwa mmoja, mahali pote: kwamba dini hairithiwi kama shamba, kila mtu moyo wake mwenyewe lazima uamke, tajiri na mtumwa sawasawa.

Siku ya habari za mahema niliona mkono wa mama unakwenda sikioni. Pamba moja ikatoka.

"Hao walikuwa wakipiga zikri," aliniambia njiani. "Kutetemeka kule, kuanguka kule. Zikri tupu. Hawakuwa na wa kuwaelekeza tu."

Kesho yake alinisukuma na kiwiko mahubiri yalipokwisha. "Muulize. Yule farasi alikuwa akila nini huko msituni?"

Nikamuuliza padri. Akafurahi kwanza, maana hakuna aliyewahi kumuuliza kitu, kisha akafikiri, akakiri kuwa hajui. Mama akatikisa kichwa. Siku ya pili akauliza kama farasi alikuwa dume au jike. Siku ya tatu, mvua ile ikinyesha na babu anahubiri, farasi kafungwa wapi, anarowa? Padri alikuja kututafuta mlangoni siku hiyo, akasema amemwandikia shangazi yake huko kwao amuulizie mambo yote ya farasi.

Mvua yenyewe lazima niieleze. Babu alifika mahali akiwa ametangazwa wiki nzima, na siku hiyo ikanyesha mvua ya kuzamisha, na chini ya turubai hakutokea mtu ila bibi kizee mmoja. Babu akamhubiria bibi huyo peke yake kwa saa mbili, mahubiri kamili, na nyimbo. Alipomaliza akamuuliza kama moyo wake umeguswa. Bibi akasema hapana, yeye alikuja kujikinga na mvua. Babu akamshukuru, akapanda farasi, akaenda zake. Mama aliipenda sana habari hiyo. Aliwasimulia majirani Sidab, akaongeza mvua na akaongeza umri wa bibi.

Sasa niseme kosa langu. Kulikuwa na habari nyingine, ya babu kutupiwa mayai viza katika mji fulani. Niliifasiri vizuri, watu wakacheka, mama akataka irudiwe. Lakini sababu ya mayai nikairuka. Ilikuwa inahusu ubatizo, na mimi neno maji sikutaka kulitia mdomoni mbele ya mama yangu hata yawe ya kahawa. Nikasema tu watu wa mji ule walikuwa na tabia mbaya.

Vilevile sikumwambia padri neno juu ya hofu ya mama. Kila akiniuliza, "Mama yako anasemaje kuhusu aliyoyasikia?" nilijibu, "Anayafikiria." Hilo halikuwa uwongo. Alikuwa anamfikiria farasi.

Na mambo mengine yalizuka yenyewe. Mimi kila nikimtaja Nabii Isa nilisema kama tunavyosema, na mama, adabu yake haikumruhusu kunyamaza akitajwa mtume, akajibu kwa sauti: "Alayhi ssalaam!" Wenzetu wakamfuata. Waarabu na Wabulushi wakisikia hivyo nao wakaitikia, maana hilo ndilo neno walilolifahamu asubuhi nzima. Baada ya wiki mbili ukumbi ulikuwa unarindima. Padri akisema jina, nami nikafasiri, wanawake arubaini, na watoto mikononi, wanaitikia mpaka madirisha yanatikisika. Padri alikuwa haamini. Miaka yote ile alikuwa akisema na watu kimya wanaongoja dawa ya kikohozi, na leo watu wanampokelea kama walivyompokelea babu. Alianza kuhubiri akizunguka. Alitoa koti. Mke wake alisimama mlangoni na trei ya sindano, akanitazama, nikamtazama. Alijua. Alikuwa amekaa wodini na wanawake hawa, anajua wanaitikia nini. Lakini alimwona mume wake anavyong'ara, akaenda zake na trei yake.

Barua ya shangazi ikafika. Farasi alikuwa jike, wa rangi ya udongo, na uzeeni alipofuka macho, na babu akawa hampandi tena, anamwongoza kwa kamba, wote wawili kwa miguu. Nilifasiri. Mama akasema, "Mwambie padri nimemfahamu. Mie si farasi." Mpaka leo sijui kama hayo ya upofu yalikuwa ya shangazi au padri aliyatia mwenyewe.

Mwezi mmoja ukabaki. Daktari aliniuliza mara mbili, mara ya tatu akasema ana orodha. Nilimbembeleza mama, nilimnunia, nililia kweli kweli. Alinipangusa machozi kwa kupapasa, mpaka akanitia kidole jichoni, akasema niwe na subira, padri yule ni mtu mwema na yeye mama anamwombea dua aongoke. Akiongoka hatakuwa tena na haja ya kumwagia watu maji, na hapo ndipo yeye mama atakapokwenda kukatwa. Basi nikawa na wawili wanaongojana: padri anangoja mama aongoke, mama anangoja padri aongoke, na daktari anafunga masanduku yake.

Ndipo padri alipotangaza wageni. Wakubwa wa dini yake wanakuja kutoka Amerika, wamesikia habari za ukumbi wetu, wanataka kujionea. Ilikuwa karibu na sikukuu yao, na siku hiyo atasimulia kuzaliwa kwa Nabii Isa.

"Maulidi," alisema mama nilipomfasiria.

"Si maulidi, mama. Ni hadithi tu ya kuzaliwa."

"Na maulidi ni nini?"

Swali hilo nililipuuza. Kwa asili sisi ni Maibadhi, na Maibadhi hawana desturi ya maulidi, lakini Unguja hakukuwa na maulidi yaliyompita mama. Akisikia dufu mtaa wa tatu alikuwa anavaa. Asubuhi ile alioga, akavaa nguo zake za Idi na buibui jipya, na tangu Sidab mpaka mjini alitembea na kitu kwapani. Nilidhani ni chakula.

Wageni walikuwa wanaume watatu na mwanamke mmoja mwenye daftari. Walikaa mbele, pembeni ya mama. Padri alihubiri vizuri kuliko siku zote, lazima nikiri. Kila jina likaitikiwa, na wageni wakatazamana. Akafika kwa Bibi Maryamu na uchungu wake, ugenini, hana nyumba, hana jamaa wa kumshika mkono. Hapo nilifasiri polepole, maana tulikuwa wengi pale ukumbini tusiokuwa na nyumba. Kisha akasema, nami nikafasiri: "Akazaliwa."

Mama akasimama.

Ni ada yetu. Maulidi yakisomwa, msomaji akifika pale Mtume anapozaliwa, watu wote husimama, huitwa kiyamu, hata mgonjwa huinuliwa. Miguu ya mama ilijua hivyo kabla ya kichwa chake. Wenzetu wa Unguja nao wakasimama, hawakuulizana. Waarabu wa milimani wakawaona, wakadhani daktari kaingia, wakasimama. Wabulushi wakasimama kwa sababu hakuna mtu anayetaka kubaki amekaa peke yake. Ukumbi mzima ulikuwa wima. Mama akaanza kuimba kwa sauti yake nyembamba, wenzetu wakapokea, na kutoka ndani ya buibui akatoa mrashi wa fedha.

Hakuwa anaona kitu. Aligawa marashi kwa mkono uliozoea, kulia, kushoto, mbele, kwa ukarimu. Aliwanyunyizia watoto, akaunyunyizia ukuta, akamnyunyizia muuguzi. Kisha akasogea walipokaa wageni. Mkubwa wao alikuwa na upara, na marashi yote ya mkupuo mmoja yalimfika utosini, yakatiririka mpaka kwenye miwani. Alifumba macho, akainua mikono, akasema amina. Yule mwanamke alikuwa anaandika na huku analia. Padri yeye aliuegemea ukuta tu, machozi yanamtoka. Nami nilikuwa nimesimama pale katikati nikifikiri: huyu ndiye aliyekuwa akiogopa kumwagiwa maji na Wakristo.

Mzee mwenye upara alipomaliza kujipangusa alimuuliza padri kitu kwa Kiingereza. Padri akanigeukia, akanipa swali hilo kwa Kiarabu. Mama akanishika mkono: wanasemaje? Nilichoka. Miezi miwili nilikuwa nimepinda kila kitu kilichopita mdomoni mwangu, huku na huku.

"Wanauliza," nikasema, "kama uko tayari kwa maji."

Mama alikaa kwa kishindo. "Nlikwambia!" akasema. "Nlikwambia, ukaniona mjinga! Na hawa hata hawangoji mtu alale!"

Basi nikamwambia padri yote. Nilimwambia habari za kikombe na mlango wa nyuma. Nilimwambia kuwa kwetu akizaliwa mtume watu husimama, na kwamba "alayhi ssalaam" ni adabu tu, tungeitikia hivyo hata kwenye foleni ya sukari. Nikamwambia hakuna hapa aliyemfuata. Nilisema haraka, kwa Kiarabu kibaya, na nikaona nuru inamtoka usoni kidogo kidogo. Alimtazama mke wake. Mke wake akainamisha kichwa: ndivyo.

Wageni hawakujua Kiarabu. Padri angetaka, angewaambia lolote, wangepanda meli na furaha yao, na hakuna ambaye angejua. Mimi nilikuwa namwangalia nikingoja awaambie lolote. Akavaa koti lake kwanza. Kisha akawaambia, nami kwa Kiingereza changu cha skuli nilimfuata, kwamba amekosea. Akawaeleza ada yetu taratibu, sawasawa na nilivyomweleza. Aliyekuwa na daftari akaacha kuandika, akapiga mstari juu ya ukurasa.

"Kasema nini?" mama akauliza.

Nikamwambia.

"Kawaambia wakubwa zake?"

"Kawaambia."

"Wote? Mbele ya watu?"

"Wote, mama."

Aliushika mrashi wake kwa mikono miwili. Padri akachuchumaa mbele yake, akaniomba nifasiri, na safari hii nisiruke neno. Akamuuliza kama anaikumbuka habari ya mayai viza. Mama akasema nani ataisahau. Padri akasema: babu yangu alipigwa mayai kwa sababu watu wa mji ule walitaka awamwagie watoto wao wachanga maji, naye alikataa. Aliwaambia mtoto hajui anachofanyiwa. Mtu haingii dini kwa maji aliyomwagiwa asijue; aje mwenyewe, kwa miguu yake, akisema kwa ulimi wake. Ningemmwagia maji mwanamke aliyelala, babu angefufuka kwa ajili ya kunitia bakora.

Nilifasiri yote, masikio yananiwaka. Dawa ya hofu ya mama ilikuwa mkononi mwangu tangu mwezi uliopita, na mimi ndiye niliyeificha.

"Aape," mama akasema.

Padri akasema dini yake inamkataza kuapa. Ndiyo yake ni ndiyo. Mama hakupendezwa. Walivutana, nami katikati, wageni wakitazama kulia na kushoto, mpaka mama akatoa hukumu: basi siku hiyo akae mlangoni mwenyewe, yeye padri, kwenye kiti, tangu mwanzo mpaka mwisho, asiingie mtu na kikombe. "Mtu aliyejifedhehesha vile mbele ya wakubwa zake," akaniambia, "mlango atauweza."

Siku tano baadaye akakatwa. Padri alikaa mlangoni kwenye kiti cha mbao, kofia magotini. Daktari alitoka mara moja tu, akiwa ameshika kichwa, akaniuliza ni nani aliyemwambia mama yangu kuwa atalazwa usingizi. Kwa upasuaji huu mtu halazwi usingizi. Hufishwa ganzi jicho tu, na mgonjwa yu macho muda wote. "Na hanyamazi," akasema. "Mwambie asinipe maagizo." Niliegemea ukuta nikacheka, na padri nilipomweleza alicheka mpaka kofia ikaanguka. Hakutoka kwenye kiti, lakini. Jicho la pili pia alikaa.

Siku alipofunguliwa na kuvishwa miwani mizito, mama alinitazama mimi kwanza, muda mrefu. "Umekonda," akasema, na safari hii sikubisha. Kisha akamtafuta padri. Alikuwa amesimama mguuni mwa kitanda: mtu mfupi, pua imebambuka kwa jua, soksi moja imeshuka.

"Huyu?" mama akasema kwa Kiswahili, akitabasamu kwa adabu. "Mie nikidhani mtu wa farasi."

Padri akauliza mama anasemaje. Nilikuwa nimeahidi kutoruka neno, nikamfasiria. Akavuta soksi.

Tangu hapo mama alikuwa hana ugonjwa wowote. Hata hivyo asubuhi mbili kila wiki alitembea kutoka Sidab, akiwaona mbuzi na kuwapita bila ya salamu, akakaa benchi la mbele, akaitikia. Hakubadilika hata unywele, na padri hakumtaka abadilike tena kwa maneno. Na dua ya mama juu ya padri nayo haikupokelewa. Majirani walisema. Mama akawajibu kuwa yeye anakwenda kumsikiliza farasi.

Kisha ukafika mwaka wa sabini. Hospitali ilijengewa upande mpya wenye mapangaboi na mlango wake mwenyewe, wagonjwa wakawa wanaingia huko moja kwa moja, na ule ukumbi wa zamani ukabaki na mabenchi yake. Tukasikia padri anarudi kwao moja kwa moja, wiki ile ile. Mke wake alinambia, hakunificha, kwamba kwa miaka yote hiyo hakupata mtu hata mmoja.

Asubuhi yake ya mwisho tulikwenda. Ilikuwa miezi ya joto, mbingu haina hata wingu la kuonesha mtoto, na ardhi inachoma kupitia viatu. Ukumbini hakukuwa na mtu. Padri alikuwa amesimama mahali pake na kitabu chake, kwa mazoea tu nafikiri, akitazama mabenchi. Alipotuona alitikisa kichwa, akakifunga, akaanza kusema hakuna haja, asihangaike mama kwa ajili yake.

Mama akenda mpaka benchi la mbele, akakaa, akatandaza buibui lake. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, akamtazama.

"Mwambie aanze," akasema. "Mahubiri kamili, na nyimbo. Mie nimekuja kujikinga na mvua."